Kikapu Kisichokosea

Siku hizi kikapu cha duka la mtandaoni hujijaza chenyewe mahitaji ya nyumba kwa wiki ijayo, na hakijawahi kukosea. Ndiyo maana Zamzam, alipoutengeneza ukurasa mpya wa malipo, hakuweka kitufe cha kuondoa bidhaa. Alitaka kuwapunguzia watu usumbufu.

Asubuhi aliujaribu kwa akaunti ya nyumbani, anakoishi na mama yake tu. Ukafunguka vizuri: unga, dawa za mama, sabuni, sanda, pamba, karafuu maiti.

Akamtazama mama yake, aliyekuwa akichambua mchele.

"Mama, unajisikiaje leo?"

"Mzima kabisa. Mbona unanikodolea macho?" Mama akacheka. "Kunywa chai yako, inapoa. Na uagize sukari, maana unaimaliza peke yako kama sisimizi."

Mama ana kisukari. Sukari ya nyumba ile ni ya Zamzam tu. Akakipekua kikapu juu hadi chini, mara mbili. Dawa za mama zilikuwamo. Sukari haikuwamo.

Chini kabisa palikuwa na kitufe kimoja, alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe: Thibitisha.