Shahidi Mwenye Cheti

"Usiseme!" Mama Kanuni alipiga kelele, mikono yote miwili juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Usiseme hata neno moja, mwanangu. Bado!"

Msichana aliyesimama mlangoni akafumba mdomo. Alikuwa wa miaka kumi hivi, yumo ndani ya sare ya shule, mkanda wa kiatu kimoja umekatika. Alikuwa amevuka barabara peke yake kutoka zahanati ya ng'ambo, ambako mama yake alikuwa kwenye foleni ya kumwona daktari, akaja moja kwa moja hadi penye kibao cha jimbo la kanisa: OFISI YA ULINZI WA WATOTO. Alikuwa na jambo la kusema, na ilibidi alimalize kabla mama yake hajatoka kwa daktari.

Sasa shida ikawa hapo. Kanuni za jimbo, ambazo Mama Kanuni aliziandika mwenyewe na askofu akazitia sahihi, zinakataza mtu mzima kuwa faragha na mtoto, hata kama ni kwa kumsikiliza. Lazima awepo mtu mzima wa pili, tena mwenye cheti cha mafunzo. Na wenye vyeti wote walikuwa wamekwenda semina. Semina ya nini? Ya kuwasikiliza watoto.

Kwanza alimtoa mtoto nje, barazani, ili wasiwe chumba kimoja. Akaona jua linamchoma, akamrudisha ndani, akatoka yeye. Wakawa wanaongea kupitia dirishani, mtoto amekalia kiti cha ofisi, bosi kasimama nje anakanyaga maua.

"Mama, ni siku za Jumamosi," mtoto akaanza. "Tukishamaliza mazoezi..."

"Ishia hapo hapo! Ukinieleza bila shahidi tumeharibu kila kitu. Vumilia kidogo tu."

Akamwita mpishi wa hapo jimboni. Mpishi akaja mbio, unga umemjaa mikononi, akamtupia mtoto jicho mara moja tu.

"Huyu ana hofu," akasema. "Niambie mimi, mwanangu."

"Una cheti?" Mama Kanuni akamkatiza.

"Nimelea wanane, na wajukuu juu yake."

"Nimekuuliza cheti, sijakuuliza uzazi."

Mpishi alisonya msonyo mrefu, akarudi jikoni kwake.

Msimwone Mama Kanuni mtu mbaya, jamani. Aliiomba kazi hii kwa sababu alichoka kuona mambo yakifunikwafunikwa, akaapa kwamba mbele yake hapenyi mtu. Na kweli hakupenya mtu. Hata maungamo ya watoto siku hizi yalifanyika katikati ya uwanja wa mpira, kiti cha padre huku, cha mtoto kule, na waliokaa pembeni wakasikia vizuri kabisa nani kaiba sukari ya bibi yake.

Akamfuata mlinzi wa geti. Mlinzi alikuwa na cheti, tena akakitoa kwa mbwembwe, ila kilikuwa cha kuzima moto. Akapanda ngazi hadi kwa katibu wa askofu. Cha katibu kilikuwa chenyewe, lakini muda wake ulikwisha wiki iliyopita.

"Kwa hiyo tangu wiki iliyopita mimi ni hatari?" katibu akafoka.

"Mimi nakujua, baba. Kanuni ndiyo haikujui."

Aliporudi dirishani anahema, mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti, anachungulia kule zahanati.

"Mama yangu karibu atatoka," akasema, machozi yakimlengalenga. "Akinikosa itakuwaje? Na kuja tena siwezi. Basi niseme jina tu?"

"Mungu wangu, jina ndiyo kabisa usilitaje!"

Mtoto akakaa, akaanza kusokota pindo la sketi yake. Moyo ulimuuma Mama Kanuni, ukamuuma hasa. Alijua mtoto akiondoka na jambo lake kifuani hatarudi. Akasimama palepale kwenye maua, akamwomba Mungu amletee mtu mzima mmoja tu, mwenye cheti kilicho hai.

Hakumaliza hata amina, gari likaingia. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya watoto, ndiye hasa aliyekuwa akifundisha ile semina, amerudi kuchukua waya wa projekta. Huyu cheti chake kilikuwa cha daraja la juu, ndicho kilichompa ruhusa ya kuwafundisha wenzake. Mama Kanuni nusura amkumbatie.

"Baba, umeletwa na Mungu! Nina mtoto ana neno, shahidi sina."

"Hilo nalo ni la kuomba?" mwalimu akajibu kwa ile sauti yake tamu iliyowafanya kina mama wa parokia wamwamini. "Kwa watoto mimi sina haraka kabisa."

Wakaingia wote wawili, mlango ukaachwa wazi kama inavyotakiwa. Mama Kanuni akaketi, akafuta jasho, akashusha pumzi. Kila kitu sasa kilikuwa sawasawa.

"Haya, mwanangu. Shahidi huyu hapa. Tueleze."

Mtoto hakueleza. Uso ulikuwa umempauka, macho kayabandika kwenye viatu vya mwalimu, vidole vimeing'ang'ania sketi.

"Nilikuwa natafuta choo tu," akasema mwishowe, sauti haisikiki vizuri.

"Choo tu! Na sisi tumekusanyana hapa!" Mwalimu akacheka, akamnyooshea mkono. "Haya njoo, mimi napajua, nitakupeleka."

Mama Kanuni hakuzunguka meza, aliiruka. Alimsukumia barazani yule mwenye cheti cha daraja la juu, akaubamiza mlango, akazungusha ufunguo, akabaki ndani na mtoto, wawili peke yao.