Pua ya Bikizee

Hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na mke tena, hakuwa na kidole gumba cha mkono wa kulia, wala jina lake halikuwamo kwenye filamu aliyoifinyanga mwenyewe. Hayo mengine alishayazoea. Hilo la mwisho lilimkaa kooni kama mwiba.

Ukumbi ulijaa pomoni. Filamu ile ya zamani ilikuwa inaonyeshwa upya: vikaragosi vya udongo, vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, hadi vikatembea. Bikizee wa kuzimu alipochomoza pua yake ndefu iliyopinda, akinusa wezi mlango kwa mlango, watu wazima walishikana mikono.

"Baba, ile pua inatisha mpaka leo," binti yake alinong'ona.

"Mwanzoni ilikuwa inalegea kwa joto la taa," fundi alijibu. "Nikaipatia dawa."

Filamu ilipokwisha, mwongozaji alipanda jukwaani, kitambi mbele.

"Vikaragosi vyote nilivifinyanga kwa mikono yangu hii! Kesho Bikizee anaingia makumbusho, kwenye kabati la kioo, na jina langu chini yake."

Fundi akasimama. "Mikono ipi? Wewe udongo ulikuwa unauogopa, usichafue shati. Nilifinyanga mimi."

"Aa, mzee wangu!" Mwongozaji alicheka. "Ushahidi wako alama za vidole? Haya, lete hicho kidole gumba tulinganishe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi akauficha mkono mfukoni. Aliukumbuka msumeno wa studio, damu juu ya meza, na mtu huyuhuyu akimwambia afunge kitambaa aendelee na kazi. Hata hakuuliza kidole kimeangukia wapi.

"Twende zetu, baba," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Wametuvua nguo mbele za watu."

"Usilie, mama. Tupitie dukani, ninunue bahasha."

Nyumbani alimwandikia mkuu wa makumbusho, polepole, kwa mkono wa kushoto:

"Mheshimiwa, kabla hamjabandika jina la mtu yeyote, mwiteni daktari, mwiteni na huyo bwana mwongozaji, kisha mvunjeni Bikizee pua. Kidole changu kimo humo."

Akalamba gundi, akaifunga bahasha, akaenda kuitumbukiza posta.