Tunu Aliyeidhinisha Rufaa

Sheria ilikuwa moja na haikuwa na mchezo: mgonjwa aombe rufaa kwa kinywa chake mwenyewe, awe babu, awe mtoto wa miaka mitano. Ndiyo maana Mwanaidi alisimama kwa mara ya saba mbele ya mashine ya zahanati inayosikiliza maombi na kuchapa barua, amemshika mkono binti yake Tunu, ambaye hajawahi kuomba hata maji. Bila barua ya rufaa hapimwi usonji, na bila kupimwa shule haimpokei.

"Mtoto aeleze shida yake," ilisema mashine, kwa sauti ya mheshimiwa aliyeshiba.

"Shida yake ndiyo hiyo, haelezi!"

"Mzazi anyamaze."

"Mama Tunu, usikubali!" alichochea mzee mmoja kwenye foleni, aliyevimba shavu kwa jino bovu.

Tunu akapiga makofi mawili. Kisha, kwa sauti ya mashine yenyewe, pamoja na mkwaruzo wake, akatamka: "Ombi limekubaliwa. Barua inachapwa." Mara zote saba alikuwa amewasikia wagonjwa wa meno na macho wakiambiwa hivyo.

Mashine ilijisikia ikiamuru, ikatii.

Foleni nzima ililipuka kwa vigelegele. Akina mama sita wakasogeza watoto wao, na Tunu akawaidhinishia wote bila upendeleo.

Nyumbani Mwanaidi aliiegemeza barua kwenye chupa ya chai, akaketi kumtazama bingwa wake.

"Ombi la uji limekubaliwa," alisema Tunu, kwa sauti ileile.

Mwanaidi alicheka sana. Alipokoma, aligundua kwamba tayari yuko jikoni, mwiko mkononi.