Jina la Mtoto wa Marion

Bonareri alikuwa amepiga magoti mbele ya duka la dawa mjini Nyamira, futi mkononi, akimpima kiuno mwanamke wa karatasi.

Bango lilikuwa jipya, la losheni, urefu wake sawa na mtu mzima. Haron, askari wa mlangoni, alimwacha apime mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Fundi, huyo hatakuagiza nguo."

"Amekonda," Bonareri alisema, akasimama akipangusa magoti. "Gauni wamelishika na pini huko nyuma. Nyinyi hamuoni, lakini mimi naona."

Nyamira nzima iliujua wazimu wake, na Nyamira haioni haya kumcheka mtu. Mafundi wenzake walibandika ukutani kalenda za kanisa na picha za wagombea. Yeye alimbandika Marion. Marion wa losheni, Marion wa maziwa, Marion wa simu, Marion akipita kwenye jukwaa la mitindo huko Kigali, amevaa kitu ambacho Bonareri aliapa hakikupigwa pasi. Jina lilikuwa Marion tu. Jina la pili hakuna aliyelijua, wala kwao. Wengine walisema ni wa Nairobi, wengine Uganda. Bonareri akiulizwa ana nini na mrembo huyo, hujibu, "Mimi ni shabiki tu." Alilisema kama mtu aliyeambiwa aseme hivyo.

Mshirika wake alikuwa Shruti, binti ya Subhash wa duka la vitambaa, mlango wa pili. Simu ya Bonareri ilikuwa ya kubonyeza, haina picha wala nini. Kwa hiyo tangazo jipya likitoka, Shruti huja na yake wakatazama pamoja.

"Huyu hakunywangi maziwa," Bonareri alisema siku ya tangazo la maziwa. "Inamfurisha tumbo."

"Umejuaje, anti?"

"Namwangalia sana."

Wakimaliza kutazama, Shruti humwandikia Marion ujumbe kwa niaba ya fundi. Ujumbe wenyewe ulikuwa ule ule siku zote: "Umependeza. Kula vizuri. Fundi wa Nyamira."

"Ongeza kitu kitamu, anti. Ana mashabiki laki tatu. Hii yako ataionaje?"

"Ataiona."

Kwa miaka sita ni kama hakuiona, au aliiona akanyamaza. Hilo ndilo lililokuwa likimla Bonareri. Hakutaka picha yenye sahihi, wala kualikwa kwenye maonyesho akakae mbele na wakubwa. Alitaka neno moja limtoke Marion mwenyewe, limfikie yeye. Katika miaka hiyo yote jibu lilikuja mara moja tu: "Asante kwa upendo, shabiki wangu," pamoja na moyo mwekundu. Shruti aliruka kwa furaha. Bonareri alisema kichwa kinamuuma, akafunga duka saa sita mchana.

Jumanne moja alikuwa akimpima Mwalimu Kemuma blauzi, pini tatu zimebanwa midomoni, Shruti akaingia mbio hadi kiatu kikamtoka mguuni.

"Anti! Marion amepata mtoto! Msichana! Na jina, ngoja usikie jina." Alivuta pumzi. "Bonareri!"

Pini zilimtoka fundi midomoni.

"Ulisema ataona, na kweli ameona! Amempa mtoto jina lako!"

Kelele zilimleta Subhash. Aliposikia habari alirudi kwake akatoka na sahani ya ladu, vile vitamu vya kwao vya siku za furaha, akamwekea Bonareri moja kiganjani. "Hongera, mama. Hii ni heshima kubwa sana."

Lile ladu lilikaa kiganjani mwa Bonareri vivyo hivyo. Machozi yalimlengalenga, na Shruti, moyo wake mweupe, akayaita machozi ya furaha. Hayakuwa ya furaha. Ulikuwa uchungu mkali wa mtu aliyegeukwa, na Bonareri hakujua auweke wapi mbele ya watu waliokuwa wakimpongeza.

Kemuma ndiye aliyeharibu sherehe. Alikuwa mwalimu, hangeweza kuacha kosa lipite.

"Yaye, Bonareri ni jina ya kwetu, kumbe Marion ni Mkisii!" alisema. "Lakini Shruti, hakuna mtu hupatia mtoto jina ya fundi wa nguo. Kwetu jina hutoka kwa mtu wa familia, tena mtu ameshaenda."

"Ameenda wapi?"

"Amekufa. Mtu akiwa hai, jina yake haiguswi. Ukimpatia mtoto, hiyo ni kumzika mwenyewe akiona."

Uso wa Shruti ulinywea. Alirudi kwenye simu, akateremka kwenye maandishi polepole kwa kidole.

"Ni kweli, mwalimu. Hii hapa. 'Nimempa jina la mama yangu.'" Aliteremka zaidi. "Na watu wanamwandikia pole. Ni wengi, anti, mamia. Anawajibu. 'Asanteni. Alikuwa mwanamke mwema, hakunyima mtu.'"

"Maskini," Kemuma alisema. "Anatangazia watu losheni na maziwa, kumbe mtoto wa watu hana mama."

Subhash aliondoa sahani yake taratibu, akiona aibu kwa haraka aliyokuwa nayo. Bonareri aliinama, akaokota pini zake tatu sakafuni, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini.

"Hebu soma tena, Shruti," alisema. "Anasema nilikufa lini?"