Mshindi wa Safari ya Mtondooni

Kila Desemba namtumia Saumu ujumbe uleule: hongera, umeshinda safari ya siku mbili kijijini Mtondooni. Na kila Desemba anakuja kama hajawahi kufika, maana sheria yetu ni moja: anayetoka langoni, mashine humfutia kijiji chote kichwani, pamoja na watu wake. Mwanangu alitoka miaka tisa iliyopita, akaenda kusoma.

Mimi ndiye mtembeza wageni. Jana nilimpeleka pango la popo, akapiga kelele palepale anapopiga kila mwaka. Tukapita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, nikamwonyesha chuo cha kale cha Kurani, nisimwambie kwamba ndimo alimochapwa kwa kukosea alifu.

Jioni akaomba kunisaidia jikoni. Akakalia mbuzi, akakuna nazi nyeupe tupu bila kufikia kifuu, kama nilivyomfundisha.

"Ajabu!" alisema. "Mimi hununua tui la pakiti. Mikono imejulia wapi?"

"Mikono ina akili zake," nilimjibu, nikauinamia moshi ili machozi yapate sababu.

Leo asubuhi nimemsindikiza hadi langoni.

"Bi mkubwa, una watoto?"

"Ninaye mmoja, wa kike. Huja kila mwaka."

"Una bahati. Mwambie asichoke kuja."

"Humwambia."

Akanikumbatia, akaingia kwenye mashine. Alipotokea upande wa pili hakugeuka kunitazama. Alikuwa amesimama njiani, ananusa viganja vyake.