Kanyaga, Shikilia

"Kanyaga!"

Evaline akakanyaga. Pedali ya klachi ikazama mpaka chini bila ubishi, kama amekanyaga tope.

"Nimekanyaga, Baba."

"Shikilia hapo hapo. Nafungua... Loo, povu tupu! Nafunga. Haya, achia."

Akaachia. Pedali ikabaki chini, ikabidi aivute kwa kidole cha mguu. Wakaanza upya.

Mzee Pastory alikuwa amelala chali chini ya pikapu, uani kwao Mwandiga, miguu tu ndiyo inaonekana. Jicho lake la kulia lilishakwenda zamani. La kushoto liliona ukungu, na juzi alimpa Evaline mkono, akamkaribisha kiti, akidhani ni mgeni. Mtoto wake wa kumzaa! Evaline akakaa kwenye kile kiti kama mgeni kweli.

Madaktari wa macho kutoka Dar walikuwa mjini wiki nzima, wanatoa mtoto wa jicho bure, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Mwaka jana walipokuja Mzee alikuwa Kagunga, msibani. Mwaka huu Evaline aliapa hawamkosi. Na klachi nayo, jamani, ikachagua leo! Jana tu alilipeleka gari Ujiji akarudi nalo, halina neno.

Alitaka kuita bodaboda.

"Nipande pikipiki na macho haya? Unataka kunizika?"

Bajaji je? Bajaji inamvunja mgongo. Mzee alikuwa ameendesha lori la mawese ujana wake wote, na mtu wa lori humwambii kitu. "Upepo tu huo umeingia kwenye klachi," alisema. "Tunautoa, tunaondoka. Kazi hii haitaki macho, inataka vidole."

Spana yao ndogo haikuonekana, basi Mzee akamtuma Evaline kwa jirani yao Nehemia akaazime. Nehemia akaitoa, akamwonya aitunze: nati ile ya kutolea upepo imelika, hakuna kingine kinachoishika, koleo itateleza tu. Akataka hata kuja kusaidia. Evaline akamshukuru, akakataa. Baba hataki mtu aguse gari lake. Akaifunga spana kwenye pindo la kanga isidondoke njiani, akarudi mbio, akakuta Mzee ameshajiingiza chini ya gari.

"Ulikwenda kuitengeneza hiyo spana? Ingia, kanyaga, tunachelewa!"

Basi ndiyo hiyo kanyaga, shikilia, achia tangu asubuhi. Paja lilikuwa linatetemeka. Simu ikaita, nesi Agnesi, yule aliyemwandikisha Mzee.

"Dada, mko wapi? Mzee ameitwa, hayupo. Ameitwa tena, hayupo."

"Tunakuja, nesi. Gari linatusumbua."

"Fanyeni haraka. Hawa wakimaliza waliopo kwenye benchi, wanafunga."

Evaline akashuka, akafungua boneti, akachungulia kikopo cha mafuta ya klachi. Kilikuwa kimejaa pomoni, vilevile walivyokijaza asubuhi. Moyo ukamtulia kidogo.

"Baba, mafuta hayajapungua hata tone!"

"Ego," Mzee akaitika Kiha chake huko chini. "Maana yake hayavuji. Rudi ukanyage."

Akarudi, akakanyaga.

"Evaline."

"Abee, Baba."

"Eti ni kweli wanaingiza chuma jichoni, mtu yuko macho kabisa?"

"Wanatia ganzi, Baba. Husikii kitu. Mzee Alphonce si alifanyiwa? Sasa hivi anasoma hata namba za magari."

"Alphonce tangu zamani mwongo." Akakohoa. "Shikilia. Nafungua... Eh, povu linapungua sasa! Nafunga. Achia."

Linapungua! Evaline akakanyaga kwa nguvu mpya, mgongo umeegemea kiti, jasho linamwingia machoni. Lakini pedali ilikuwa ile ile. Alitamani amvute baba yake miguu, amtupe kwenye bajaji akipiga kelele zake, lakini baba ni baba, humbebi kama gunia. Akaendelea kukanyaga.

Jua lilikuwa utosini Agnesi alipopiga tena. Hakusema mengi. Wameshafunga vifaa, wanapakia gari. Pole sana, dada. Tumwombe Mungu warudi.

Evaline akaweka simu mapajani. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali.

"Baba, wameondoka."

Miguu ya Mzee ikaanza kusota, akatoka taratibu, mgongo umejaa vumbi. Evaline akashuka kumshika mkono. Ulikuwa mkavu, msafi.

"Pole, mwanangu," Mzee akasema, uso ameuelekeza pembeni, pasipo na mtu. "Nimehangaika na ile nati mpaka vidole vimekufa ganzi. Gari bovu halina adabu. Mwakani, Mungu akipenda."

"Ndiyo, Baba."

Machozi yakamshinda. Akavuta pindo la kanga ajifute, na kitu kigumu kikamgonga shavuni. Fundo alilolifunga asubuhi lilikuwa halijafunguliwa, na spana ya Nehemia ilikuwa bado imo ndani.