Kibao cha Namba

Kijana wa halmashauri ya jiji alishika kibao cha namba ya nyumba, akapiga msumari wa kwanza, lipu ikamporomokea Bi Zawena miguuni. Bibi wala hakujali. Nyumba ya kuvunjwa, nani ahangaike kuipa namba?

Tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, malori yalikuwa yamejaa Kariakoo hata hayapishani. Barabara ikatakiwa ipanuliwe, na juzi wapimaji wakamchorea ukutani X nyekundu ya kubomolewa.

"Kwa hiyo nyumba yangu imepona, mwanangu?"

"Waulize watu wa barabara, bibi. Mimi ni wa namba."

Akakipigilia kibao katikati ya X ileile, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Siku ya kuhama usiondoke nacho," akasema. "Mali ya serikali."